Lori Lililomjua Holo Lugwisha

Ndoo iliangukia upande wa mtaro, maziwa yakasambaa kwenye lami, na lori likaenda zake.

Halikupiga honi wala halikupunguza mwendo. Lilipita ubavuni mwa Holo Lugwisha kwa nafasi ambayo usingepenyeza hata kiganja, upepo wake ukamng'oa kitenge begani, naye akaruka mtaroni kama alivyozoea kuruka wiki zile. Mama wa miaka sitini na minane, anaruka mitaro! Wanawake wanane waliokuwa wamemfuata nyuma, ambao walikuwa hawajaingia njia ya malori, wakasimama pale pale, kila mmoja na ndoo yake kichwani, wasijue wamtukane nani, kwa maana ndani ya lori hakukuwa na mtu.

Binti yake, Nyanzobe Gamaya, alikuwa ng'ambo ya barabara juu ya baiskeli. Yeye ndiye diwani wa kata ile ya Bushitu, na asubuhi zote alizunguka kata yake kwa baiskeli, maana kabla ya udiwani alikuwa dereva wa baiskeli za abiria na miguu yake ilikuwa haijakubali kustaafu. Kumwona mama yake mtaroni kulimuuma, usiniulize. Lakini kilichomkausha mate ni kitu kingine. Dakika mbili nyuma, lori lile lile, kwa macho yake mawili, lilikuwa limesimama kabisa, kwa heshima zote, likimpisha mlevi mmoja aliyekuwa akivuka huku akitafuta mkanda wa suruali yake.

Kwa mlevi lilisimama. Kwa mama yake lilipita.

Malori yasiyo na dereva yalikuwa na mwaka wa nne sasa mjini Kilunda, yakipeleka pamba na shaba bandari kavu kwa kupitia Barabara ya Jineri. Wenyeji waliyaita mabwana harusi, kwa sababu mwaka ule wa kwanza yalitembea taratibu, yamewasha taa mchana kweupe, yakimsubiri kila aliyekatiza mbele yake. Mwendo ulikuja kubadilika, jina likabaki. Ila jambo moja halikubadilika hata siku moja: bwana harusi akimwona mtu mbele yake, anasimama. Hata kuku alisimamiwa. Ndiyo maana watu wa Bushitu walikuwa wanavuka bila wasiwasi kwenda sokoni, zahanati na msikitini, na wazee walikuwa wamesahau kabisa kuyaogopa magari.

Nyanzobe akavuka, akamshika mama yake mkono na kumtoa mtaroni. Holo alikuwa anatazama maziwa yake tu.

"Yananipita hivi hivi siku hizi," akasema. "Wenzangu yanawasimamia. Mimi wiki ya tatu hii nalishwa vumbi."

Nyanzobe akahesabu wiki tatu nyuma, akafikia siku mama yake alipojisajili kwa watu wa malori, akapanda baiskeli kwenda halmashauri.

*

Mhandisi wa mji, Ambakisye, alikuwa kijana mwenye adabu na mwoga wa vikao, na ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kabisa kwenye jengo la halmashauri, jirani na choo. Alipomwona diwani anaingia bila hodi, buti zina tope, akaficha karanga alizokuwa anatafuna na kusimama.

Hawa wawili walikuwa wamefanya kazi kubwa pamoja. Miaka mitatu nyuma, Barabara ya Jineri ilikuwa ya magari peke yake, na mtembea kwa miguu alibanwa ukingoni na matoroli. Nyanzobe alipiga kelele barazani miezi tisa mpaka ikapitishwa Sheria Ndogo ya Njia, naye Ambakisye ndiye aliyetengeneza kingo za kutenganisha njia. Kingo zile zilikuwa za mpira mgumu, zimekaa juu ya reli zilizofukiwa kwenye lami. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na juma la hesabu. Vihisi vilivyolala chini ya barabara vilihesabu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa magari, na alfajiri ya siku ya nane kingo zilisogea zenyewe. Wakizidi watembeaji, njia yao inapanuka na ya malori inabanwa. Wakipungua, kinyume chake. Hakuna aliyeweza kumhonga kihisi, na hilo ndilo lililomfurahisha Nyanzobe kuliko yote, kwa sababu alikuwa anawakumbuka makarani wa zamani waliohesabu watu wakiwa kwenye kibanda cha chai, wameipa barabara mgongo.

Sasa mashine ile ile isiyohongwa ilikuwa inaonyesha kwamba Bushitu haina watu. Msimu uliopita njia ya miguu ilipungua hatua moja nzima. Msimu huu, kingo zikisogea Jumatatu ijayo, ingebaki ya upana wa mlango.

Sababu waliijua wote wawili, na ilikuwa ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuudhi. Wanawake wa Bushitu wabebao maziwa hutembea mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja hukanyaga pale pale alipokanyaga mwenzake. Ndivyo kazi yenyewe inavyokwenda. Wa mbele ndiye atazamaye ardhi, ajue shimo liko wapi na jiwe liko wapi. Walioko nyuma hawainamishi kichwa, maana kichwani kuna lita ishirini, wanatazama kisigino cha aliye mbele yao basi. Wakitembea hivyo miaka arobaini, hatua zao huwa hatua moja. Kihisi kikawasoma wanawake tisa kuwa ni mwanamke mmoja mzito anayetembea kwa muda mrefu. Na hawakuwa wa maziwa peke yao. Wa kuni, wa mkaa, wa viazi, kata nzima ilitembea hivyo.

Kampuni ya malori, Shehena Moja, ndiyo iliyokuja na dawa. Watu wasajiliwe mwendo. Unatembea hatua mia mbele ya kamera, mashine inajifunza unavyotupa mguu, unavyoinua bega, na tangu siku hiyo hata mkipanga mstari wa watu hamsini inakutambua wewe ni wewe. Bure kabisa. Hoja ilikuwa mezani: asiyesajiliwa asihesabiwe. Holo Lugwisha alikuwa mtu wa kwanza kata nzima kujisajili, kabla hata ya hoja, ili binti yake asipoteze njia aliyoipigania. Alipewa fulana.

"Niambie kile ambacho hawakukisema," Nyanzobe akasema.

Ambakisye alitazama mlango. Kisha akamgeuzia skrini na kuanza kueleza kwa sauti ya chini, na alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa amekaa na jambo hilo kifuani siku kadhaa. Lori, alisema, halisimami kwa huruma. Linasimama kwa kutokujua. Likimwona mtu lisiyemjua, haliwezi kukisia atafanya nini, atavuka, atarudi, ataduwaa, basi linakamata breki. Lakini kitabu cha miendo cha Shehena Moja ndicho hicho hicho kinachosomwa na malori. Aliyesajiliwa si mgeni tena; hata kama hajawahi kukutana nalo, linamkadiria kwa waliosajiliwa wenzake. Lori linajua amepisha mara ngapi, anaanza kupisha akiwa umbali gani, anarukia upande upi. Kwa hiyo halina haja ya kupunguza mwendo. Linapita kwenye nafasi ambayo linajua utaiacha.

Akabonyeza mahali, likatokea jina la Holo. Mikutano mia nne na kumi na miwili. Amepisha mara mia nne na kumi na mbili. Huelekea kushoto.

"Na hawajagonga mtu hata mmoja, Mheshimiwa," Ambakisye akasema. "Hilo ndilo baya lake. Takwimu zao ni safi."

Nyanzobe akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini. Alikuwa anaiona kata yake yote, watu elfu nne, wana njia pana nzuri yenye kivuli, na hakuna anayeweza kuvuka kwenda upande wa pili bila kuruka. Upande mwingine aliwaona wanavuka kwa raha zao, bila njia ya kutembelea. Ndivyo ilivyokuwa imekaa: uhesabiwe usisimamiwe, au usimamiwe usihesabiwe. Na barazani walikuwa madiwani kumi na saba. Wanane walikuwa wanaitaka hoja, wanane hawaitaki, na wa kumi na saba alikuwa yeye.

Akauliza kama mama yake anaweza kufutwa kitabuni. Ambakisye akatikisa kichwa. Mwendo ukishajulikana umejulikana. Labda mwenye mwendo aubadilishe.

*

Jioni alimkuta mama yake anaosha ndoo. Akamweleza yote, na Holo alisikiliza bila kuacha kusugua. Nyanzobe akamshauri atie kokoto kwenye kiatu cha kulia, achechemee kidogo, mwezi mmoja tu, mashine imsahau. Wengine mjini walikuwa wameshaanza. Kuna fundi viatu mmoja stendi ya baiskeli alikuwa anauza soli zenye kisigino kimoja kirefu, na biashara ilimwendea vizuri.

Holo akaiweka ndoo chini.

"Mwendo huu nimetembea nao kwenda kujifungua wewe," akasema. "Nimemzika nao baba yako. Nichechemee kwa ajili ya gari?"

"Mama, litakuua."

"Halijaniua. Linajua nitaruka. Wewe mwenyewe si umesema?" Akainama tena kwenye ndoo yake. "Basi kosa ni langu. Nimelifundisha mwenyewe, mara mia nne."

Nyanzobe hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Lakini alimjua mama yake, na alijua kwamba kuendelea kumsemesha usiku ule ni kuchosha mdomo bure. Akaenda kulala na hasira, akalala vibaya.

*

Baraza lilikaa kesho yake, Ijumaa, na Holo siku hiyo hakutoka na maziwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Malale Bundala, mtu mnene, mcheshi, mwenye koti la vifungo vya dhahabu, ambaye hakuwa mwovu, ila alikuwa na ugonjwa wa kupenda kupigwa picha. Naye alikuwa amejisajili mwendo mbele ya waandishi wa habari, na picha yake akitembea hatua mia ilikuwa imebandikwa mlangoni. Meneja wa Shehena Moja alialikwa kusema, akasema kwa upole sana. Alisema ajali ni sifuri. Alisema Bushitu itapata njia pana kuliko kata zote. Madiwani walitikisa vichwa kwa kuridhika, na maji ya chupa yakafunguliwa.

Nyanzobe aliposimama alieleza yale ya mlevi na mama yake. Meneja hakukana. Alisema tu kwamba mfumo unaheshimu tabia ya mtu, na kwamba kama mtu mwenyewe ana desturi ya kupisha, kumsimamia ni kupoteza muda wa taifa. Alilisema hilo kwa tabasamu. Nyanzobe akamgeukia.

"Mama yangu hana desturi ya kupisha," akasema. "Ana desturi ya kutaka kufika nyumbani."

Mwenyekiti akagonga meza, akasema muda umekwenda, wapige kura. Macho yote yakamgeukia Nyanzobe, na katika macho hayo kulikuwa na wapiga kura wake pia, waliokaa nyuma ukumbini, wengi wao wakitaka hoja ipite. Ndivyo ilivyo, na lazima isemwe. Watu wa Bushitu walikuwa wameitaka njia yao kwa miaka mingi, na diwani wao alikuwa amewaahidi. Wangapi wangemwelewa akiinua mkono kuipinga?

Hakuinua. Alifungua Sheria Ndogo ya Njia, ile aliyoiandika mwenyewe meza ya jikoni, akasoma kifungu cha tisa: diwani hatapiga kura juu ya njia ambayo hajaitembea kwa miguu yake msimu huo. Akauliza ni nani humu ndani ameitembea Barabara ya Jineri msimu huu. Madiwani wakatazamana. Ziara zote za ukaguzi walikwenda na basi la halmashauri, wakatazama kupitia dirishani na kurudi kula. Katibu akakipitia kifungu mara mbili, akamnong'oneza mwenyekiti kwamba ndivyo kilivyo, na kwamba kisipofuatwa kura itabatilika.

Mwenyekiti akacheka kicheko kikavu. Akaahirisha kikao hadi kesho yake, saa mbili asubuhi, penye jineri ya zamani, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, watembee wote na kura ipigwe huko huko barabarani.

*

Jumamosi jua lilikuwa limeshapanda. Madiwani walikuja wamevaa viatu vya kikao, wawili wakiwa na miavuli. Meneja alikuja na gari, akaliacha kivulini. Ambakisye alikuwepo na kompyuta yake ndogo. Watu wa kata walijaa pande zote mbili, na nyuma yao wapanda baiskeli walisimama mguu mmoja chini.

Walitembea robo saa bila tukio. Malori yalikuja, yakawaona wageni kumi na sita barabarani, yakasimama mbali kabisa, yakangoja. Madiwani wakaanza kumtazama Nyanzobe kwa jicho la kuuliza wameitiwa nini. Mwenyekiti akaona nafasi yake. Akawaambia wenzake wakae pembeni, yeye atavuka peke yake, ili wananchi waone usalama ulivyo. Akamwita mpiga picha.

Alikuwa amefika katikati lilipotokea lori la pamba. Lilimwona. Lilimjua. Halikupunguza kitu.

Mheshimiwa Malale Bundala aliruka, tena aliruka vizuri kwa mtu wa mwili ule. Alianguka mtaroni kifudifudi, koti likararuka kwapani, na lori likapita pale pale aliposimama. Kuna watu walicheka. Nyanzobe hakucheka. Alishuka mtaroni kumsaidia, akamkuta mwenyekiti anatema tope.

"Limeniona," mwenyekiti akasema. "Nyanzobe, limeniona kabisa."

"Lilijua utaruka, Mheshimiwa."

Hapo ndipo waliposikia watu wamenyamaza. Nyanzobe akainua kichwa. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya njia ya malori, ndoo kichwani, uso umeelekea upande wa bandari kavu. Wanawake wake wanane walikuwa pembeni, wamezuiwa kwa mkono wake mmoja alioupunga nyuma.

Lori lingine lilikuwa linakuja, lile la shaba, zito, kwenye mteremko.

Nyanzobe alikimbia. Alifika, akasimama mbele ya mama yake, akanyoosha mikono. Yeye hakuwa amesajiliwa. Yeye alikuwa mgeni. Lori likamwona likiwa bado mbali na breki zake zikaanza kulia, likipungua, likipungua.

"Toka," Holo akasema nyuma yake.

"Mama, twende pembeni."

"Toka, mwanangu. Likisimama kwa ajili yako, kwangu halijasimama."

Nyanzobe akageuka. Uso wa mama yake ulikuwa mkavu, umetulia, wala haukuwa uso wa mtu aliyechoka kuishi. Ulikuwa uso wa mtu anayedai chake. Nyanzobe akampigia Ambakisye kelele, aseme haraka, mama yake asipopisha itakuwaje? Ambakisye alijibu kwa sauti iliyokatika. Linaamua likiwa mita thelathini. Baada ya hapo, na mzigo ule, haliwezi tena kusimama. Kwamba mtu wa mara mia nne na kumi na mbili asipopisha, hilo halijawahi kukutana nalo. Litasimama, au litangoja aruke mpaka mwisho. Hajui. Naapa, Mheshimiwa, sijui.

Hakuna sheria iliyokuwa imeandikwa kwa ajili ya hapo. Angeweza kumkumbatia mama yake na kumburuta, alikuwa na nguvu hizo. Angeweza kubaki pale pale na lori likasimama, na kesho mama yake akaruka tena, na kesho kutwa, mpaka siku ambayo goti lingekataa. Na kura ikipita, watu elfu nne wakaruka pamoja naye. Alijichukia kwa kufikiri hata hivyo. Alimchukia meneja, alimchukia mama yake, alizichukia kingo na vihisi na kila kitu alichowahi kukileta katika mji ule.

Akapiga hatua kando. Kisha nyingine. Akatoka njiani.

Lori likamwona mgeni ameondoka, amebaki anayejulikana. Breki zikaachia. Likaongeza mwendo.

Mita mia. Holo hakusogea. Mita sitini. Mwanamke mmoja kati ya wale wanane alianza kulia kwa sauti. Mita hamsini. Nyanzobe alitamani kufumba macho na akajilazimisha asifumbe, kwa sababu yeye ndiye aliyemwacha pale, na kama ni kuona, aone. Meneja alikuwa anapapasa simu yake, anapiga, haipokelewi. Holo alikuwa ameinua kidevu kidogo, kama afanyavyo anapokuwa wa mbele kwenye mstari. Mkono wake wa kushoto, upande ule aliozoea kurukia, ulikuwa umeshika ndoo.

Breki zikalia hadi meno yakauma. Matairi yakatoa moshi. Lori likaserereka, likayumba, likaja, likaja, likasimama na bampa lake la mbele hatua moja kutoka kifuani mwa Holo Lugwisha. Maziwa yakatikisika ndani ya ndoo. Hayakumwagika.

 Kisha Ambakisye akasoma kwenye skrini yake, polepole, kana kwamba anahofia maandishi yatabadilika. Mikutano mia nne na kumi na mitatu. Holo Lugwisha. Hatabiriki. Simama.

Wale wanawake wanane hawakungoja kuitwa. Waliingia barabarani mmoja mmoja, na mara ya kwanza maishani mwao hawakupanga mstari. Walisimama bega kwa bega na Holo, njia nzima ya malori ikajaa. Nyuma ya lori la shaba likafika lingine, likasimama, na nyuma yake lingine, mpaka foleni ikapotelea kwenye kona. Nyanzobe alikuwa analia waziwazi, hakujali nani anamwona.

Mwenyekiti alipanda kutoka mtaroni, tope kifuani, akamwambia katibu aandike kwamba kikao kinaendelea. Akauliza wanaoiunga mkono hoja ya kusajili miendo. Mikono saba ikainuka, mingine ikisitasita. Akauliza wanaoipinga. Nyanzobe akainua mkono wake, na wenzake wanane wakainua, na wa kumi alikuwa mwenyekiti mwenyewe, koti lake likiwa wazi kwapani. Hoja ikaanguka.

Meneja alikuwa amerudiwa na sauti yake. Akawakumbusha, kwa upole ule ule, kwamba hesabu inabaki ilivyo, na kwamba Jumatatu alfajiri kingo zitasogea na njia ya miguu ya Bushitu italiwa. Alisema kweli, na watu walijua kwamba anasema kweli. Kuna mzee mmoja upande ule wa pili alimwuliza Nyanzobe kwa uchungu, basi tutapita wapi, diwani? Nyanzobe akazitazama kingo. Alikuwa amewapotezea njia waliyomchagulia, na alijua angeulizwa swali hilo miezi yote mitatu, kila kona ya kata.

Ni Holo aliyejibu, bila kugeuka.

"Njia ndiyo hii niliyosimama."

Nyanzobe akamsogelea. Sasa hakunyoosha mikono. Akamwambia imekwisha, wameshinda, atoke barabarani apumzike, jua ni kali. Holo akalitazama lori, likiwa limesimama pale linanguruma mbele yake, na taa zake zinawaka mchana.

"Bado halijarudi nyuma," akasema.

Basi wakasubiri. Nyanzobe akasimama upande wake wa kushoto, na wanawake wakatua ndoo zao chini kwenye lami ya malori, na baadhi ya madiwani, wakiona aibu kukaa pembeni, wakaja nao. Ilichukua dakika kumi na moja. Lori likalia mlio wake mwembamba wa kurudi nyuma, likarudi hatua tatu, na lililo nyuma yake likarudi, na lililofuata. Ndipo Holo Lugwisha alipoanza kutembea, kwa mwendo wake ule ule, katikati ya barabara, kwenda sokoni.